Nauli ya Kashai

Kagoma, jioni

Mwanangu Kemilembe,

Umetoka kwenda usharikani kuwaaga wanakwaya wenzako, na baba yako amepeleka begi lako kubwa kwa fundi likashonwe zipu. Nimebaki barazani peke yangu na mbuzi wanaolalamika. Nimeona niutumie mwanga huu uliobaki kukuandikia, maana kesho asubuhi kutakuwa na watu, na mbele ya watu mimi na wewe huwa tunaongea habari za sufuria tu.

Sitakufundisha namna ya kuishi Mbinga. Wamekupa nyumba ndogo na kipande cha shamba kando ya kitalu cha kahawa, na kazi ya miche unaijua kuliko mimi. Kuhusu matumizi pia sina la kuongeza. Unajua majivu yanavyolinda maharage yasitobolewe na wadudu. Unajua maganda ya ndizi ni ya mbuzi, samadi ya mbuzi ni ya mgomba, na mgomba ni wetu. Unajua kanga ikichakaa inakuwa kitambaa cha meza, kikichakaa kinapangusa sufuria, na kikiisha kabisa kinaziba tundu la panya. Hayo nilikufundisha vizuri. Nadhani nilikufundisha kupita kiasi, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wiki iliyopita Mama Jasinta, jirani yetu wa bondeni, alikuja kuomba chipukizi za migomba. Migomba yake ameing'oa kwa sababu ya ugonjwa. Wewe ulikuwa mbele ya nyumba, mimi nilikuwa nyuma namenya ndizi, na hukujua kama nasikia. Ulimjibu kwa adabu. Ulimwambia, "Pole sana mama, lakini zilizopo zote tumeshazipangia mahali." Hukumdanganya. Zilikuwa zimepangiwa mahali kweli, na mimi ndiye niliyezipanga. Lakini kisu kilisimama mkononi mwangu. Ile ilikuwa sauti yangu. Hata hiyo pole ilikuwa yangu, ile anayopewa mtu ili aondoke upesi.

Sikutoka kukukosoa. Kesho yake nilipokuaga kwamba nakwenda rweyani, kule mbugani, kukata nyasi, nilipita kwanza kwake na chipukizi tatu, tukazipanda pamoja. Hilo limekwisha, usilihangaikie. Lililobaki ni kukueleza sauti ile niliipata wapi na ilinigharimu nini. Sehemu kubwa unaijua, ulikuwepo, ulikuwa na miaka tisa. Hujawahi kuniuliza, nami sijawahi kukueleza. Tumeishi kama watu wanaopita kila siku kando ya shimo na wote wanajua lilipo.

Mimi nilizaliwa Kibeta, unapajua, ila hukumkuta babu yako. Kibanja chake cha migomba kilikuwa kidogo na marafiki zake walikuwa wengi. Baba yangu alikuwa mkarimu kwa watu wote isipokuwa sisi. Mikungu mizuri ilikwenda kwenye lubisi, na pombe ikiiva ua lilijaa wanaume wanaomsifu, wakimwita mtu wa watu, wakati sisi watoto tuko jikoni na mama tunasubiri maboga yachemke. Nakumbuka jioni moja mama alificha kichane cha ndizi chini ya nyasi za kulalia. Baba akakiona, akacheka, akakitoa nje kwa wageni. Mama aliendelea kupuliza moto. Nikaapa moyoni kwamba nikipata nyumba yangu, hakuna kitakachotoka mlangoni bila mimi kujua kinakokwenda.

Nilipoolewa huku Kagoma nilikuja na hofu hiyo. Mtu akiitazama kwa nje huiita ubahili, na wakati mwingine ni kweli.

Nikamkuta mama mkwe wangu, Kaaka wako. Wewe unamkumbuka akiwa mzee. Mimi nilimkuta bado ana nguvu, mjane mwembamba aliyekuwa akitembea ameinamisha kichwa kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Kazi zake zote alizimaliza kabla jua halijawa kali, halafu alikaa mbele ya nyumba na kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kila aliyepita njiani alimwita. "Waitu, pita utafune kahawa." Akina mama wanaobeba dagaa kutoka ziwani waliijua baraza hii. Walitua ndoo zao, wakanywa maji, wakatafuna kahawa, wakapumzisha shingo. Wengine waliacha konzi ya dagaa, wengine hawakuacha kitu. Kaaka hakuwa akitazama nani ameacha na nani hakuacha. Mimi nilikuwa natazama.

Miaka ya mwanzo nilivumilia, kwa sababu kibanja kilikuwa kimenona. Kisha ukaja mnyauko.

Uliingia kwa mgomba mmoja kando ya njia. Majani yakageuka njano, yakaning'inia. Tulipokata shina likatoa ute kama usaha, na ndizi zilizoonekana nzima kwa nje zilikuwa zimeoza ndani. Bwana shamba akaja, akasema hakuna dawa, tung'oe na tufukie, na mapanga tuyapitishe kwenye moto. Mimi na baba yako tuking'oa kibanja alichopanda babu yako wa huku, mume wa Kaaka, shina moja baada ya jingine, Kaaka alijifungia chumbani. Alisema hataki kuona jua likigonga ardhi ile.

Hapo ndipo nilipokuwa hodari. Siwezi kujificha, nilikuwa hodari kweli. Vuli tulipanda maharage hadi ukingoni mwa njia, na viazi vitamu mahali pa migomba. Senene walipoanguka mwezi wa kumi na moja tuliamka wote kuwakusanya, tukawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, tukawakausha wakatufikisha mbali. Masika nilikunja mabati mabovu yakawa mfereji wa kuleta maji ya paa kwenye pipa. Kiangazi tulikausha muhogo juu ya mwamba na kukata nyasi za kufunika mikahawa. Sabuni niliikata kwa uzi. Watu wa usharika walianza kunitolea mfano, kwamba nyumba ya Mama Kemilembe imeng'olewa migomba yote lakini mtoto haendi shule na njaa.

Na sitaki udhani najutia maisha yale. Tulikuwa na jioni nzuri sana. Tulikaa wanne kuzunguka taa moja, wewe na Kaaka mkipukuchua maharage, baba yako akiimba sauti ya nne na sisi tukijaribu zile nyingine. Ulikuwa ukilala na kichwa chako kwenye paja la Kaaka na maganda yamekujaa nywele. Kama ningeweza kukufungia kitu kimoja kwenye begi hilo ningekufungia jioni mojawapo ya hizo. Kuishi kwa kidogo hakukutuharibia chochote. Kilichotuharibia ni mimi kuanza kuwaona watu wote wanaopita njiani kama wezi.

Nilikuwa nimeweka mbegu za maharage kwenye chungu, zimechanganywa na majivu, zikingoja mvua za Septemba. Mvua ziliponyesha nikafungua chungu nikakuta nusu. Nikauliza. Kaaka hakuficha. Alisema alipita mwanamke na mtoto mgongoni, ametoka mbali, kwao wameng'oa kila kitu kama sisi, naye akampimia. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mvua imenyesha.

Mwanangu, njaa nilikuwa siiogopi tena, nilikuwa nimeshaizoea. Lakini siku ile nilimwona baba yangu amekaa mbele yangu anacheka na kichane mkononi. Nikamwambia Kaaka maneno ambayo ningetoa mkono wangu mmoja ili niyarudishe. Nilimwambia, "Mama, ukitaka kutoa, toa chako."

Hakuwa na chake. Kibanja alikuwa amemwachia mwanawe, nyumba ilikuwa yangu na mume wangu, hata kile kikapu cha kahawa nilikijaza mimi. Nilijua hivyo wakati nasema, na nadhani ndiyo sababu nilisema. Kaaka akauliza ufagio uko wapi. Akafagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Jioni hiyo nilihamisha kila kitu chumbani kwangu, maharage, chumvi, debe la kahawa, na nikanunua kufuli. Kaaka hakulalamika. Ila aliacha kukaa mbele ya nyumba. Alihamia nyuma, karibu na banda la mbuzi, mahali ambapo anayepita njiani hamwoni. Ilinichukua muda mrefu kuelewa. Mzee wa Kihaya atamwitaje mgeni barazani na hana hata punje ya kahawa ya kumpa? Alikuwa anajificha kwa aibu. Akina mama wa dagaa walipita, wakaita hodi, wakasikia kimya, wakaendelea na safari. Mimi nikasema afadhali, sasa nyumba imetulia.

Krismasi ile baba yako mdogo alikuja kutoka Kashai, mjini Bukoba, alikokuwa amepanga chumba na kuendesha bodaboda. Alipoondoka aliondoka na Kaaka. Watu waliambiwa miguu inamsumbua na hospitali za mjini ziko karibu. Nawe nilikuambia hivyo hivyo. Uliniuliza kama huko Kashai kuna mahali pa kukaa nje. Nikakujibu kwamba mji mzima uko nje.

Sasa nafika kwenye siku ambayo ndiyo hasa ninayokuandikia.

Ilikuwa kiangazi kilichofuata Krismasi hiyo, kahawa imeanikwa kwenye mikeka. Nilikuwa nafua sare yako ya shule, nikakuta mifuko imejaa kahawa. Nikakuita. Ulisema, "Ni za wageni." Nikauliza wageni gani. Ukaniambia kwamba ukitoka shule huwa unakaa pale njiani, na wakipita watu unawapa punje mbilimbili, kama Kaaka. Ulisimulia kwa furaha, ukidhani nitafurahi.

Nilivunja tawi la mkahawa nikakuchapa. Sikukuchapa kwa hasira ya mara moja kisha basi. Nilikuchapa kwa mpango, nikieleza katikati ya fimbo kwamba kahawa ile ni daftari, ni viatu, ni kodi ya ardhi. Ulilia mwanzoni, baadaye ukanyamaza. Ukaenda ukarudisha punje zote mkekani, ukizitandaza ili zisirundikane. Tangu siku hiyo, Kemilembe, hujawahi kutoa kitu kwenye nyumba hii bila kuniuliza kwanza. Nilijisifu kwamba mtoto ameelewa. Wiki iliyopita nyuma ya nyumba ndipo nilipotambua kwamba hukuzaliwa na sauti ile. Mimi niliitia ndani yako kwa fimbo.

Nikuombe radhi sasa, katikati ya barua, kabla sijafika mwisho nikaishiwa ujasiri. Nisamehe mwanangu.

Niendelee. Nimeruka jambo moja, nalo lilitokea kabla ya siku ya fimbo, mvua za masika zikiwa zimeanza. Nilikwenda Kashai kumwona Kaaka. Baba yako alikuwa hanilaumu kwa mdomo lakini alikuwa ameacha kuimba, na nyumba isiyoimbwa ndani ina njia yake ya kukusema. Nilibeba mkungu wa ndizi za migomba mipya, ile ya kwanza kukomaa tangu ugonjwa.

Nilimkuta kwenye chumba kinachoangalia ua wa wapangaji. Mlangoni alikuwa na beseni lililotoboka, amejaza udongo na kupanda mboga ya maboga, na nilipofika alikuwa anachuma majani kumpa msichana wa chumba cha pili. Alinipokea vizuri mno. Alinitandikia mkeka, akamtuma mtoto maandazi, akaniuliza habari za safari, za wazazi, za mvua. Alinikaribisha kama anavyokaribishwa mgeni, na nikajua kwamba mimi ni mgeni. Kisha akaomba kisu, akaukata ule mkungu vichane vichane pale pale, akawaita wapangaji mmoja mmoja. Alipomaliza akainua macho akanikuta nahesabu vilivyobaki. Sikujua kama nahesabu hadi aliponiona.

Nikamwomba arudi nyumbani. Nilisema nimekosa, ingawa nilisema haraka haraka. Alinishika mkono.

"Mukamwana wangu," alisema, akiniita bado mke wa mwanawe, "kwako kila kitu kina mahali pake. Mimi ndiye niliyekosa mahali."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayenionyesha njia ya kwenda stendi. Nikarudi Kagoma, na siku zikaenda. Ndani ya siku hizo ndimo nilimokuchapa. Unaona jinsi mtu anavyoweza kulia ndani ya basi na asibadilike.

Mwezi wa saba baba yako mdogo alipiga simu. Ilikuwa Jumanne. Alisema Kaaka anataka kurudi. Alikuwa amesema, "Mukamwana alikuja mwenyewe kuniomba, si vizuri kumkatalia mtu aliyekuja kwa miguu yake." Alitaka awahi kuchuma kahawa pamoja na wewe. Akaomba tuje tumchukue, kwa sababu alikuwa na mizigo yake kidogo na kifua kilimbana, asingeweza basi peke yake, na baba yako mdogo pikipiki ilikuwa mbovu na hakuwa na kitu.

Nilifurahi, nataka uamini hilo. Nilifagia chumba chake, nikaanika godoro. Halafu nikapiga hesabu zangu. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na gari la kubeba kahawa, nalo lilikwenda Bukoba kila Jumamosi na kurudi tupu. Angetuchukua bure, kwenda na kurudi, na mizigo juu. Nauli ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya kopo chini ya kitanda, pamoja na akiba ya tanki la maji nililokuwa nalidunduliza tangu mwaka wa mnyauko. Nikamwambia baba yako kwamba Jumamosi si mbali. Alikuwa ananoa panga. Aliacha kunoa, akakaa kidogo, akaendelea kunoa.

Ijumaa asubuhi simu ililia kabla hujaenda shule. Kaaka alikuwa amefariki usiku. Baba yako mdogo alisema alikuwa amefunga mizigo yake tangu Jumatano na kuiweka karibu na mlango, na kila pikipiki iliyosimama nje aliuliza kama ni sisi.

Jumamosi gari la bure lilikwenda Bukoba kama kawaida, na lilirudi naye. Mzee wa kanisa hakutaka chochote. Nilikaa nyuma kando ya jeneza na magunia matupu ya kahawa, vumbi linatupiga, na njia nzima nilikuwa nafikiri kwamba hata kwa safari hii sikutoa kitu.

Tulimzika kibanjani, unapajua, kwenye mikahawa ya juu. Ulisimama na baba yako, hukutaka mkono wangu. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Kulikuwa na nyuso ambazo sikuwahi kuziona, wanawake wenye vitambaa vya kujitwika bado viko kichwani, wanaume wa kule visiwani waliosikia habari mwaloni. Walichota maji, walipasua kuni, walipika. Mimi na unga wangu niliokuwa nimeupima kwa hofu tulikaa pembeni, kwa sababu walikuja na vyakula vyao.

Mama mmoja wa dagaa, mtu mzima mwenye jino moja la mbele lililovunjika, alinikuta naosha vikombe. Akaniuliza mimi ni nani katika nyumba hii. Nikasema ni mke wa mwana. Akafuta mikono yake kwa kitenge, akanishika yangu yote miwili.

"Basi ni wewe," alisema. "Mama alikuwa akitupa kahawa anatuambia, hii ni ya mukamwana wangu, ndiye anayeniachia niwape. Mungu akuongezee."

Kemi, miaka yote hiyo alikuwa akitoa kwa jina langu. Kila aliyepita njia hii alinibariki, na mimi nikiwa ndani nawahesabia punje. Sikuweza kumwambia yule mama ukweli. Nilimshukuru, nikainama kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Baada ya matanga nilimuuliza baba yako kwa nini hanilaumu. Nilitaka anilaumu, ningepumua. Tulikuwa kibanjani, anapogolea, na hakugeuka. Alisema, "Nilikuwa na nauli mfukoni siku ile ya Jumanne. Nilikuwa nimelipwa kibarua. Nikasema moyoni, nikienda atakasirika." Basi tangu hapo mzigo huo tumeubeba wawili, kila mmoja upande wake, na hatujawahi kuutua chini tukauangalia. Tanki nililinunua mwaka uliofuata. Ni tanki zuri, halijawahi kuvuja. Mvua ikinyesha usiku nikasikia maji yanavyoingia, mara nyingi natoka kitandani nakwenda kukaa jikoni.

Utaniuliza kama nilibadilika. Kidogo, na polepole. Kufuli nililitoa. Kahawa ya wageni ipo, umeiona. Lakini naitoa kama mtu anayejifunza lugha ukubwani, nafikiri kwanza, natafuta neno, na mgeni ameshaona kwamba nafikiri. Kaaka alizaliwa na lugha hiyo. Nawe ulizaliwa nayo, ndilo linaloniuma. Nilikukuta unaizungumza vizuri kabisa pale njiani na sare ya shule, nikakunyamazisha.

Huko Mbinga utaishi kwa kidogo, na utaweza. Baridi itakupiga, kahawa ya kule si kama yetu, mvua zao zina kalenda yake. Utafunika shamba lako kwa nyasi, utakausha mboga, utaweka mbegu kwenye majivu, na jirani mmoja atakuangalia aseme binti huyu wa Kihaya hapotezi hata ganda. Utasikia raha akisema hivyo. Mimi nilikuwa nasikia raha sana. Sijui nikuambie nini kuhusu raha hiyo, ila kwamba ilinifanya nisisikie vitu vingine. Na atakapokuja mtu mlangoni kuomba, na ile sauti ikaja yenyewe na pole yake, tambua kwamba si yako. Ni yangu. Iache, ujibu kwa ya kwako. Sijui itakuwaje kwa sababu sijaisikia tangu ukiwa na miaka tisa.

Nawasikia mnakuja. Baba yako anaongea kwa sauti barabarani ili nijue zipu imepona, na wewe unacheka. Nitaifunga barua hii ndani ya kitenge cha bluu, utaikuta ukifika. Usinipigie kuizungumzia kama hutaki. Baba yako hajui kama nimeandika habari za mfuko wake, na ukitaka kumwambia, mwambie kwa upole.

Jambo la mwisho. Ukiumwa huko, au ukichoka, au ukiamka tu asubuhi ukatamani kuona uso wa mama yako, piga simu uniambie nije. Usiniulize kama kuna kazi shambani, usiniulize kama maharage yameshavunwa. Najua Mbinga ni mbali na sijawahi kufika. Nitapanda basi la kwanza litakalopita hapa Kagoma, siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumanne.

Mama yako